Juisi ya Wateja

Mama Blenda alikuwa na juisi za aina mbili, na majirani zake wote wa biashara walijua bila kuambiwa. Kwanza ile nzito, iliyosimama kwenye glasi kama uji, aliyoiweka chini ya meza ndani ya jagi lenye mfuniko wa bluu. Hiyo ilikuwa ya nyumbani: ya mume, ya watoto, ya wifi, ya mgeni aliyekuja na habari njema. Halafu ilikuwepo juisi ya wateja. Ya wateja ilizaliwa nzito vilevile, ila kabla haijafika mezani ilikutana na maji, ikakutana na barafu, na mwisho ikatupiwa chembe za chumvi ili ulimi usigundue kilichopungua. Mwizi hakuwa. Glasi ilijaa, ilikuwa ya baridi, na bei yake hakuna aliyeweza kuishinda kuanzia lango la soko mpaka kituo cha mafuta. Aliyelalamika aliambiwa kwa upole kwamba uji unauzwa mtaa wa pili. Lakini mtu wake mwenyewe hakumpa juisi ya wateja hata siku moja. Huo ndio ulikuwa mpaka, na aliulinda.

Mume wake aliingia maishani mwake kupitia upande wa wateja. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji, nyumba kwa nyumba, na jioni badala ya kupanda gari alirudi kwao mbio, mkoba wa kazi umebana mgongoni. Alikuwa akisimama kibandani kwa Mama Blenda huku jasho likimtiririka, anakunywa glasi mbili za wateja bila kupumua katikati, anasema asante, anaendelea na safari. Wenzake wa klabu ya riadha walimwita Polepole, kwa sababu kila shindano alilianza nyuma kabisa kama mtu anayewasindikiza wenzake, kisha akaanza kuwaokota mmojammoja. Na Mama Blenda alimpata hivyohivyo. Mwaka mzima wa glasi mbili na asante. Siku mwanamke huyo alipoinama chini ya meza akatoa jagi la bluu, dada yake Polepole, fundi cherehani wa kibanda cha jirani, alisimamisha mashine yake akasema, "Haya. Kaka yangu kaolewa."

Tangu hapo Polepole hakukimbia mbio ndefu bila chupa ya juisi nzito. Mara alishinda, mara alishindwa. Mara nyingine tumbo lilimkata njiani akasimama pembeni ameshika mbavu. Mama Blenda alisema hayo ni mazoezi mabaya ya kocha, na safari iliyofuata akaongeza sukari, mume apate nguvu.

Halafu Jumapili moja chupa ikarudi nyumbani imejaa.

Polepole aliiweka mezani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Mama Blenda alikuwa anakunja nguo. Aliiangalia chupa, akamwangalia mume, akaendelea kukunja.

"Hukunywa?"

"Nilisahau."

"Ulisahau kunywa, au ulisahau kumwaga?"

Polepole akakaa. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya, jambo ambalo mkewe alilipenda siku nyingine zote. "Kuna mtaalamu kaletwa klabuni," alisema. "Wa vinywaji na vyakula vya wanamichezo. Anatupima."

"Anawapima nini?"

"Uzito. Kabla ya kukimbia na baada. Kilo ikipungua, karibu yote ni jasho, kama lita moja hivi. Anaongeza na kile ulichokunywa njiani, anapata jumla ya ulichotoa. Kila mtu na chake."

"Mtaalamu huyu ni baba au mama?"

"Mama."

"Mnapimwa na nguo?"

"Na bukta."

"Bukta tu."

"Mama watoto, nguo ikiloa jasho inadanganya mizani. Lazima ujifute ukauke kwanza, ndiyo upande."

"Nani anawafuta?"

"Tunajifuta wenyewe."

Mama Blenda alikunja shati moja mara mbili zaidi ya lilivyohitaji. Polepole, badala ya kunyamaza hapo, akageuka kumwonyesha mgongo. Katikati ya mabega palikuwa na alama ya mraba, ngozi imekuwa nyekundu kidogo.

"Hapa alinibandika kitu kama plasta. Kinakusanya jasho, anaenda kulipima chumvi. Kasema jasho langu lina chumvi kuliko la wote pale. Kasema hajawahi kuona."

Alilisema hilo kwa fahari, kama mtu aliyesifiwa sauti kanisani. Na hapo ndipo wivu ulipomwingia Mama Blenda, si kwenye bukta. Fulana nyeusi za mume wake alizifua yeye miaka yote. Kila wiki zilirudi na michoro myeupe kifuani na kwapani, na yeye akazisuuza mara ya pili, na ya tatu, akijua ni sabuni haijatoka. Kumbe ilikuwa chumvi ya mume wake. Alikuwa ameishika mkononi miaka yote, na mwanamke mwingine ndiye aliyekuja kuisoma kwa wiki moja.

Kesho yake alimweleza wifi yake, akikata nanasi kwa nguvu ambayo nanasi halikustahili.

"Mzuri?" wifi aliuliza, pini mdomoni.

"Sijamwona."

"Basi unamwonea wivu mtu usiyemjua? Wivu wa mkopo huo. Nenda ukamwone, upate wa kwako."

Alienda. Alifunga kibanda mapema, akavaa lile gauni ambalo wifi alimshonea kwa ajili ya mahafali ya mtoto, akajitia manukato, akafika kiwanja cha mazoezi nyuma ya chuo cha ufundi. Alitegemea kukuta kucha ndefu na kiuno. Alikuta mwanamke mfupi wa makamo, miwani mizito, kandambili za mpira, amejifunga taulo begani kama mpishi. Alikuwa ameinama juu ya mizani akiisafisha kwa kitambaa. Roho ya Mama Blenda ikachafuka zaidi. Angekuwa mrembo, angejua pa kuanzia. Mwanamke wa kandambili unamshinda kwa lipi?

Akasimama kando akaangalia. Polepole alimaliza mzunguko wake, akaja amelowa chapachapa. Yule mwanamke akamgeuza mgongo, akabandua kile kiraka kwa kibanio, ncha kwa ncha, bila kukigusa kwa kidole, huku akimwambia kitu. Polepole akacheka. Si kicheko cha adabu. Kilikuwa kile cha nyumbani, cha kichwa nyuma, ambacho Mama Blenda alidhani nakala yake ni moja na anayo yeye.

Mume alipomwona, kicheko kikaishia njiani. "Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

Yule mwanamke alijifuta mikono akamfuata. Wanamichezo walimwita mwalimu. Mama Blenda alikuwa ameshampa jina njiani, Bi Jasho, na hakuona sababu ya kulibadilisha.

"Wewe ndiye mama wa juisi. Nimekusikia sana, dada."

"Na mimi nimekusikia."

"Karibu kiti."

"Nitasimama."

Bi Jasho hakujali, au alijifanya hakujali. Alimmiminia kikombe kutoka dumu lililokuwa kivulini. Mama Blenda akaonja kama anavyoonja tunda la mchuuzi asiyemwamini: funda dogo, mbele ya mdomo. Kulikuwa na utamu wa mbali, na chumvi ya mbali, na limau lililopita likasalimia tu.

"Hivi ndivyo mnavyowanywesha? Haya ni maji ya kusuuzia vikombe."

"Kwako ndiyo," alisema Bi Jasho. "Umetoka kukaa kivulini. Ulimi wa aliyetoka jasho si ulimi wa aliyekaa. Kimbia mizunguko kadhaa uje uonje tena, utaniambia kingine."

"Kwa gauni hili?"

"Hata mimi sikimbii. Nasema tu."

Kisha akamweleza, na alieleza vizuri. Hilo nalo lilimuudhi Mama Blenda. Sukari ikizidi kwenye kinywaji, alisema, tumbo linachelewa kukiachia. Kinakaa humo kikicheza kama maji kwenye dumu, ndiyo maana mbavu zinabana. Na utumbo ukikipokea kizito vile, unavuta maji kutoka mwilini kukizimua kwanza. Kwa hiyo mtu amekunywa, na kwa muda amezidi kukaukiwa. Sukari kidogo na chumvi kidogo, hizo ndizo zinazopita pamoja haraka, na zikipita zinapita na maji.

"Kwa nini usimpe maji matupu basi?" Mama Blenda aliuliza, akitafuta pa kumnasa.

"Mbio fupi, maji matupu yanatosha. Mbio ndefu, mtu wa jasho la chumvi kama mumeo, akijijaza maji kuliko anachotoa, chumvi ya kwenye damu inapungua nguvu. Anavimba vidole, anachanganyikiwa, anaweza kuanguka. Kunywa sana nako kunaumiza watu, dada. Tunatafuta kipimo chake yeye, si cha mwenzake." Akasogeza miwani. "Na juisi yako si mbaya. Matunda yako ni mazuri. Izimue tu, nusu kwa nusu na maji, tia na chumvi kidogo. Akikimbia, hiyo ndiyo itakayomfaa."

Mama Blenda akaweka kikombe chini.

"Unataka nimpe mume wangu juisi ya wateja?"

Bi Jasho hakuelewa. Aligeuka kumtazama Polepole ili amsaidie, na Polepole, aliyeelewa vizuri sana, alikuwa anafunga kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa.

"Kaniambia nimpunje," alimwambia wifi yake jioni ile. "Mbele yake mwenyewe. Nimpunje mume wangu kwa mikono yangu."

"Lakini kama ndiyo inayomfaa?"

"Wewe uko upande gani?"

"Mimi niko kwenye cherehani," alisema wifi. "Kaka ni wangu, wewe ni wangu. Huyo wa miwani simjui. Ila tumbo la kaka nalijua, na linamkata kweli."

Mama Blenda hakutaka kusikia habari za tumbo. Kilichomuuma kilikuwa kingine, na kilikuwa na tarehe. Mbio kubwa za jiji zilikuwa zinakaribia, zile ambazo watatu wa kwanza wangepelekwa kukimbia nje ya nchi. Njiani huwekwa meza za vinywaji, na kwenye meza ya klabu kila mkimbiaji huwa na chupa yake iliyovalishwa, aitambue akiwa kasi bila kupoteza hatua. Mmoja huweka karatasi ya kung'aa, mwingine unyoya, mwingine soksi ya mtoto. Chupa ya Polepole ilivaa kitambaa chekundu tangu walipooana. Mama Blenda aliivalisha yeye na kusimama nyuma ya meza ya mwisho yeye, na mume alipopita akaichukua, watu wote walijua ni mume wa nani. Hakuna cheti cha ndoa kilichowahi kusomwa na watu wengi kiasi hicho. Mwaka huu kocha alikuwa ametoa amri: chupa zote atatengeneza mtaalamu, kila mtu moja kila meza, na ya Polepole imepewa utepe wa njano.

"Njano," Mama Blenda alisema mumewe alipomwambia.

"Ni utepe tu."

"Nani alichagua rangi?"

"Sijui. Ulikuwepo mezani."

"Haya. Weka njano yako. Na mimi nitaweka nyekundu yangu."

"Kocha kasema moja."

"Kocha hajanioa. Zitakuwa mbili, baba watoto, na utachagua mbele za watu."

Siku zile zilizobaki Polepole alikwenda kazini, akasoma mita zake, akarudi mbio, akala, akalala. Hakusema atachukua ipi, na mkewe hakuuliza tena. Lakini hakuwaza kingine. Alipokuwa akiponda maembe alimwona mume ananyoosha mkono kwenye nyekundu, roho ikatulia. Alipokuwa akiosha glasi alimwona ananyoosha kwenye njano, glasi ikamteleza. Wifi alimshonea chupa sketi nyekundu yenye marinda, kubwa mno. "Usipoangalia hii itaolewa kabla haijafika mezani," alisema, lakini alishona vizuri, maana naye hakupenda kushindwa na utepe.

Siku ya mbio jua liliamka na hasira zake. Mama Blenda alifika meza ya mwisho mapema. Msimamizi wa meza, kijana wa klabu mwenye kofia na kipaza sauti kisichofanya kazi, alimzuia.

"Chupa moja kwa mkimbiaji, mama. Yake iko hapa tayari."

"Hiyo ni chupa ya mkimbiaji. Hii ni ya mume wangu."

"Si mtu mmoja?"

"Ndiyo maana nakwambia usijisumbue." Akamtolea glasi ya baridi kutoka kikapuni, ya wateja, kwa kuwa hakuwa ndugu. Kijana akanywa, akatazama juu, akaona jambo la muhimu sana upande wa pili wa barabara. Aliporudi, sketi nyekundu ilikuwa imesimama mezani kando ya utepe wa njano.

Bi Jasho alifika kwa pikipiki akitokea meza ya nyuma. Aliziona chupa. Akamwona Mama Blenda. Akavuta pumzi.

"Dada, mbili zitamchanganya."

"Mume wangu hachanganyikiwi."

"Mwenye kiu anachanganyikiwa. Meza mbili zilizopita amekunywa vizuri sana. Kwa jua hili, hii ndiyo meza yake muhimu kuliko zote. Ukitaka, ondoa chupa yangu. Mimina kinywaji changu kwenye chupa yako, ibaki na sketi yake. Mimi sina shida na sketi."

Ilikuwa ofa nzuri, na siku nyingine yoyote Mama Blenda angeitambua kama ofa nzuri kabla haijamaliza kutamkwa. Lakini masikio yake yalikuwa yamesikia "amekunywa vizuri sana", na macho yake yalikuwa yanaiona ile meza ya nyuma ambako hakuwepo, mkono wa mume wake ukichukua njano kutoka kwa mwanamke huyu.

"Ziache zote," alisema. "Mwenyewe ana macho."

Wa kwanza akapita, akachukua unyoya wake. Wa pili akapita. Kisha kwenye mwinuko akatokea Polepole, wa tatu, akiokota watu kama kawaida yake, fulana nyeusi imechorwa nyeupe kifua kizima. Miguu ilikuwa bado ya mtu mwenye akiba. Wa nne alikuwa mbali nyuma yake. Mama Blenda akashika ukingo wa meza. Bi Jasho naye akasogea.

Polepole alizitazama chupa. Mkono wake wa kulia ukatoka mwilini, ukafunguka, ukaelekea mezani. Macho yake yakaenda kwenye sketi, yakaenda kwenye utepe, yakapanda kwa mkewe, yakahamia kwa mwalimu wake. Kisha mkono ukarudi mahali pake, mtupu, na mtu akapita.

Wanawake wawili walibaki wakizitazama chupa mbili zilizojaa.

"Hakuchukua," alisema Bi Jasho, kama mtu anayesoma mizani iliyoharibika.

Katika hesabu zake zote Mama Blenda alikuwa amejiandaa kwa njano na kwa nyekundu. Hii ya tatu haikuwamo.

Walimkuta kwenye hema la huduma ya kwanza karibu na mstari wa kumalizia. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka, miguu juu ya kreti, taulo mbichi shingoni, midomo imekauka nyeupe. Waliosimama pale walisema alianza kuyumba baada ya daraja, akapitwa na wa nne, na wa tano, kisha kundi zima, akamaliza akitembea kama mlevi mwenye haya. Nafasi ya kwenda nje ilikuwa imeshakwenda na mwingine. Kocha alikuwa amesimama juu yake na uso wa radi.

"Nani kaweka chupa mbili?"

Mama Blenda alikusanya ulimi wake, lakini Bi Jasho akamtangulia.

"Meza za vinywaji ziko chini yangu," alisema. "Niulize mimi, baadaye. Sasa tupishe."

Kocha akatoka akinung'unika. Mama Blenda angependa zaidi atajwe, atukanwe, ajibu. Kufichiwa kosa na mtu yuleyule kulimuuma kuliko kila kitu cha siku ile. Akapiga magoti kwenye mkeka.

"Kwa nini hukuchukua?" alimuuliza mumewe. Sauti ilitoka ndogo.

Polepole akafumbua jicho moja. "Ningechukua yako, kocha angeniua. Ningechukua yake, ungeniua wewe." Akalamba midomo. "Nikaona bora niuawe na kiu. Yenyewe haina maneno."

"Ungechukua hata yake," alisema Mama Blenda, na alishangaa kusikia kwamba anamaanisha. Anamaanisha, na bado moyo unamwaka. Vyote viwili vilikaa kifuani mwake pamoja, hakuna kilichompisha mwenzake.

Dumu la Bi Jasho lilikuwa limebaki kwenye pikipiki, na pikipiki ilikuwa imeshaondoka; chupa ya njano ilibaki mezani. Kilichokuwepo ni chupa yenye sketi, ambayo Mama Blenda aliibeba kifuani bila kujua. Bi Jasho akanyoosha mkono. "Nipe hiyo." Akaivua chupa sketi kwa heshima, akaiweka sketi pembeni, akamimina juisi nzito kidogo kwenye kikombe, akachukua maji ya hemani, akaanza kuongeza. Maji yalianguka upande mmoja, juisi ikakaa upande mwingine. Aliongeza, akakoroga, akaongeza tena, ikawa rangi ya maji ya ndoo.

Mama Blenda alivumilia mpaka hapo.

"Lete," alisema, akamnyang'anya kikombe, akakimwaga nje ya hema. "Kama kuna kitu kimoja ninachokijua duniani, ni kuongeza maji kwenye juisi. Maji kwanza, halafu juisi juu yake, ukiwa unazungusha. Nusu kwa nusu ulisema?"

"Kwa jua hili, maji yazidi kidogo."

"Chumvi?"

Muuguzi akatoa kipakiti. Mama Blenda akatupia chembe kwa vidole vitatu, kwa mkono uleule uliofanya hivyo kila asubuhi. Bi Jasho akaonja kwa kijiko. "Ongeza kidogo tena. Yeye ni wa chumvi."

"Najua ni wa chumvi. Nimezifua fulana zake."

Akamwinua mume kichwa. Polepole akanywa funda, akatulia, akanywa jingine, Bi Jasho akimwambia asiharakishe. Kikombe cha pili alikishika mwenyewe. Alipokimaliza alikaa kitako, akakitazama ndani kikombe.

"Hii naijua," alisema. "Ndiyo ile ya kibandani. Ya kabla hujanipenda."

Bi Jasho akaangua kicheko. Mama Blenda alimtazama mpaka kikaisha.

Baada ya hapo mambo yakawa ya mapatano, na kwenye mapatano Mama Blenda alikuwa nyumbani kwake. Walikaa kwenye kreti mbili nje ya hema, mume ndani amesinzia.

"Nitachanganya mimi," alisema. "Wewe utataja kipimo, mkono utakuwa wangu."

"Sawa."

"Chupa nitaivalisha mimi. Meza ya mwisho nasimama mimi."

"Na iwe moja."

"Moja. Na mkipima uzito, niwepo."

"Njoo tu. Utanisaidia kushika taulo."

"Na kile kiraka cha mgongoni nitabandika mimi."

"Hapana," alisema Bi Jasho.

Mama Blenda akasubiri. Kusubiri kulimpa bei nyingi nzuri maishani.

"Hapana, dada. Kidole kikigusa, chumvi ya kidole inaingia, kipimo kinaharibika, na mumeo anapewa kinywaji cha kidole chako. Hiyo nilijifunza, na ndiyo kazi yangu. Mengine yote chukua."

Mama Blenda aligeuza jambo hilo huku na huku akitafuta ufa. Hakuuona. "Basi," alisema mwishowe, "ubandike ukiwa umenyamaza. Hakuna kuchekeshana."

"Nitajitahidi."

Alijitahidi, kwa sehemu kubwa. Jumapili baada ya Jumapili Mama Blenda alikuja kiwanjani na kikapu chake, akachanganya, akashika taulo, na kiraka kilipobandikwa alisogea karibu akakitazama kwa jicho la mnunuzi wa kitambaa. Polepole alifundishwa kunywa akiwa anakimbia, kidogo leo, zaidi kidogo wiki ijayo, maana tumbo nalo hufundishwa. Mbavu zikaacha kumbana. Ya nyumbani, ya usiku, ilibaki nzito, kwenye jagi la bluu. Hilo halikujadiliwa na mtaalamu yeyote.

Wakimbiaji wengine wakaonja, wakaacha madumu ya mwanzo. Bi Jasho alipima jasho la kila mmoja, Mama Blenda akachanganya ya kila mmoja, kwa malipo waliyoelewana na klabu. Alikuwepo mmoja, kijana mrefu waliyemwita Twiga, aliyekuwa akipunguza uzito mwingi kuliko wote na kushukuru kwa sauti kuliko wote.

"Shemeji, ya leo imekaa sawasawa," alisema asubuhi moja, akirudisha chupa. "Umeniwekea nini?"

"Nimekuongezea chumvi. Geuka nikuone mgongo. Umejifuta vibaya."

Polepole alikuwa amekaa kwenye nyasi, chupa mkononi, hajainywa. Mkewe aliporudi kuchukua limau, alimsemesha bila kumtazama.

"Yule mrefu hana mikono?"

"Anayo."

"Mbona unamfungulia kizibo?"

"Ana jasho mikononi. Kinateleza."

"Sote tuna jasho. Mimi ndiye niliyeambiwa nina la chumvi kuliko wote."

"Zamani," alisema Mama Blenda. "Sasa yeye amekupita. Mwalimu kapima wiki iliyopita."

Polepole akageuka kumtazama Twiga, kuanzia kandambili mpaka kichwani, na ilikuwa safari ndefu. Kisha akamtazama mkewe. Mama Blenda alilijua vizuri lile jicho. Neno moja tu lingetosha kulituliza, na alikuwa nalo mdomoni, limeiva.

"Kunywa, baba watoto," alisema. "Funda dogodogo." Akachukua taulo safi begani, akamfuata Twiga kwenye mizani.